Wagonjwa wa TB sugu wapimwe thairoidi

Mhariri,

Mgonjwa wa TB sugu anayejifunika shuka mchana wa kaskazi hapa Mombasa asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa ugonjwa. Apimwe kwenye damu TSH, homoni inayoonyesha kama tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inafanya kazi vizuri. Dawa za TB sugu ziitwazo ethionamidi na PAS, hasa zikitolewa pamoja, huizuia tezi hiyo kutengeneza homoni: mtu huhisi baridi, hufunga choo, ngozi hukauka, huzuni humwingia, uzito huongezeka. Uzito huo ndio unaopoteza watu, kwani hudhaniwa ni kupona.

Anayetumia dawa hizo apimwe kabla ya kuanza, kisha kila miezi 3. TSH ikivuka 10 mIU/L, kwa kawaida huongezewa levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge. Dawa za TB asiache. Kidonge cha levothairoksini kimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa na mahamri. Vidonge vya kuongeza damu vingoje hadi zipite saa 4 baada yake.

Wenye TB ya kawaida ambao tayari wanameza levothairoksini wamweleze daktari mapema: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB hiyo, huiondoa upesi mwilini, hivyo huenda dozi ikahitaji kupandishwa, kisha kushushwa matibabu yakiisha.

Wahudumu wa kliniki ya kifua,
Mombasa