Wapiga picha za mahafali, tukosoane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wapiga picha wenzangu, hasa sisi tunaojipatia riziki kwa kuwapiga wahitimu picha za nje: chini ya miembe ya shule, ufukweni, kwenye ngazi za vyuo. Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umefika, na kwa wiki kadhaa zijazo vijana wengi watapigwa picha ambazo zitakaa ukutani sebuleni kwa wazazi wao kwa miaka 20 au 30. Nina jambo moja la kusema. Kazi yetu hii haikui inavyostahili kwa sababu hatukosoani, na hatukosoani kwa sababu tumezoea kudhani kwamba anayetaja kasoro ya picha ya mwenzake anamharibia riziki.

Miaka sita iliyopita nilimpiga picha binti mmoja wa sekondari hapa Temeke siku ya mahafali yao. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, saa saba mchana. Kwa kuwa jua lilikuwa kali nilimsimamisha chini ya mwembe, nikapiga picha kama 40, nikachagua kumi, nikakesha nikizihariri, na kabla ya kuzisafisha nikawaonyesha marafiki zangu watatu wa kazi hii hii. Wote walinijibu kwa maneno yaleyale: "Kali sana, mkuu." Nilipompelekea mama yake binti ile kubwa yenye fremu, aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kuelekea mlangoni ili ipate mwanga, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, mbona mwanangu hana macho?"

Nikaitazama na mimi, na kweli hakuwa na macho. Chini ya nyusi palikuwa na mashimo mawili meusi. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na doa la jua lililopenya kati ya majani, shingo na kidevu vilikuwa na ukijani wa mwanga uliochujwa na mwembe, na shati jeupe la shule lilikuwa limeungua kwa mwanga kiasi kwamba hata mshono wa mfuko haukuonekana. Mama yule alinilipa fedha zangu zote na akanishukuru. Jioni nilimpigia simu mmoja wa wale marafiki watatu nikamuuliza kama hakuyaona hayo. Akasema aliyaona tangu mwanzo, ila hakutaka kunivunja moyo.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mwenzangu angenivunja moyo mapema, mama yule angepata picha ya mwanawe. Kwa maana kasoro zile zote zilikuwa na sababu zinazojulikana, na kila moja ingerekebishwa kabla binti hajavua sare yake, kama mtu angenionya mapema katika kazi zangu zilizotangulia, ambazo zilikuwa na kasoro zilezile.

Chukueni suala la saa. Hapa Dar es Salaam, katika siku za mwanzo hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na ndio wakati huohuo shule nyingi hufanya mahafali kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo huangaza paji la uso na pua, ukayaacha macho gizani. Mwanga mzuri wa jioni tunao, lakini ni mfupi: jua huzama yapata saa kumi na mbili na robo, na baada ya hapo hazipiti dakika 20 na kitu kabla giza halijaingia. Mpiga picha aliyezoea kusoma maelekezo ya nchi za kaskazini, ambako jioni ya kiangazi huenda polepole, atajikuta bado anapanga watu wakati mwanga umeshamkimbia.

Kisha lipo suala la mavazi yenyewe, ambalo nadhani wengi wetu hulihangaikia kimyakimya, kila mtu peke yake. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hukadiria tu kwamba kilichomo kwenye fremu, kikichanganywa chote pamoja, kina mng'ao wa kijivu cha wastani. Mwanafunzi aliyevaa hijabu nyeupe na shati jeupe akijaza fremu, kamera hudhani pana mwanga mwingi mno, hupunguza, na uso wake mweusi huzama. Mhitimu wa chuo aliyevaa joho jeusi akijaza fremu, kamera hufanya kinyume chake: huongeza mwanga, uso ukapauka na kola ikaungua. Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye ngozi ileile, anaweza kutoka na rangi mbili tofauti katika mahafali mawili ya maisha yake, kwa sababu tu mpiga picha aliiachia kamera ikaamua. Dawa yake si ghali. Unapima mwanga usoni, unamtoa mtu juani na kumweka kwenye ukingo wa kivuli huku uso ukielekea anga iliyo wazi, na unamwomba ndugu yake ashike shuka jeupe chini ya kifua ili mwanga urudi machoni.

Hayo sikuyagundua mwenyewe. Nilifundishwa na mzee mmoja mstaafu aliyepiga picha za habari tangu enzi za filamu, ambaye nilimwendea na picha ile ya binti wiki moja baada ya aibu yangu. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Aliniuliza kwanza, "Hapa ulitaka tumwone nani?" Nikamjibu kwamba nilitaka tumwone binti. Akaufunika uso wa binti kwa kidole gumba, akaniambia nitazame upya. Jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo nyeupe iliyokuwa nyuma, karibu na bomba, kisha likapanda na nguzo ya bendera iliyokuwa inatokea kichwani kwa binti kama pembe. Alipokiondoa kidole, jicho langu bado lilirudi kwenye ndoo. Somo lile halikuchukua dakika kumi, na sijawahi tena kubonyeza kitufe kabla ya kukagua kilichopo nyuma ya kichwa cha mtu.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kamera na simu zina akili ya kurekebisha kila kitu, hivyo kukosoana ni kupoteza muda. Historia ya fani yetu inawajibu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilisambaza katika maabara za picha kadi za kupimia rangi, zilizojulikana kwa jina la Shirley, ambazo kwa miongo kadhaa zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi yake, ilihesabiwa kuwa iko sawa kwa watu wote, na sisi wenye ngozi nyeusi tukatoka kwenye picha za rangi tukiwa meno na macho tu. Miongoni mwa mambo yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha namna filamu inavyotofautisha rangi za kahawia yalikuwa malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliokuwa wanaona bidhaa zao zinatoka vibaya. Watu walilalamika kwa ajili ya mbao na chokoleti, na filamu ikabadilika. Sisi tunaona nyuso za watoto wetu zinatoka vibaya, tunanyamaza.

Naomba niseme pia, kwa uchungu, juu ya uhariri. Imekuwa desturi kwa baadhi yetu kumng'arisha kila mhitimu, hasa wa kike, mpaka ngozi yake inafanana na karatasi, tukidhani ndivyo mteja anavyopenda. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Aliyeniachisha ni kijana mmoja niliyempelekea picha zake akaniomba, kwa adabu kabisa, nimrudishie rangi aliyozaliwa nayo. Wateja wanayaona haya. Wanashukuru kwa sababu ya malezi yao, halafu picha inawekwa chini ya kabati. Ndiyo maana ninawasihi wazazi na wahitimu nao wasitufiche. Tukikuuliza kama umeipenda, tuambie kinachokukera, hata kama ni kitu kidogo kama mkono uliokaa vibaya au pua iliyovimba kwa sababu tulikusogelea mno na simu badala ya kurudi nyuma hatua tatu.

Wala kukosoana si jambo geni kwetu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, ambaye leo picha zake zinaheshimiwa duniani kote, alifungua studio yake mwaka 1948 akawa anapiga uani kwa mwanga wa mchana, mara nyingi picha moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali; kazi ya kusafisha picha aliifunzwa na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa mpiga picha kabla yake. Na hapa kwetu, nani hajui jinsi washairi wa Kiswahili walivyokuzana kwenye kurasa za magazeti, tangu siku za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923? Mshairi akikosea mizani alisahihishwa kwa beti, naye akajibu kwa beti, na hakuna aliyedai kwamba amevunjiwa heshima. Picha nayo ina vina na mizani yake.

Ni kweli kwamba ukosoaji unaweza kuumiza bila kufundisha, na lawama hapo mara nyingi ni za anayeomba kukosolewa. Ukimwonyesha mtu picha moja uliyoihariri na kuipamba, ukamuuliza "Unaionaje?", umemwomba akusifu. Mpelekee ile uliyoichagua pamoja na ile uliyoitupa, na nakala ambayo haijaguswa. Mwambie ilikuwa saa ngapi, ulitumia lenzi gani, ulisimama umbali gani, na hasa kitu gani kilikushinda. Naye anayekosoa aseme alichokiona mahali fulani ndani ya picha, na aseme angefanya nini yeye pale pale, chini ya jua lile lile, na foleni ile ile ya wanafunzi 30 wanaosubiri.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Gazeti lako lina ukurasa wa mashairi na lina wapiga picha wakongwe ndani ya chumba cha habari. Naomba mtutengee nafasi ndogo mara moja kwa wiki katika msimu huu wa mahafali, mchapishe picha moja ya mhitimu iliyopigwa nje na msomaji, na chini yake mmoja wa wakongwe hao aeleze kilichofanikiwa na kilichoharibika. Wengi wa wahitimu wa kidato cha nne hawajatimiza miaka 18, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo picha isitoke bila ridhaa ya mzazi na ya kijana mwenyewe, na jina la shule lisitajwe. Jina la mpiga picha, mimi nashauri litajwe.

Picha ya kwanza naitoa mimi. Nilikwenda kumwona mama yule mwezi uliopita nikamweleza nia yangu. Binti yake sasa ni mtu mzima, naye amekubali kwa maandishi. Ninayo picha yenyewe ya chini ya mwembe, ninayo nakala isiyohaririwa, na ninayo nyingine niliyompiga siku hiyo ya kumtembelea, saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye baraza ya nyumba yao, akiwa ameelekea uani. Naweza kuzileta zote tatu ofisini kwenu siku yoyote mtakayoniambia.

Wako katika kazi,
Mpiga picha wa mahafali,
Temeke, Dar es Salaam