Namba ya sukari bila maswali hudanganya

Mhariri,

Wanaopima sukari kabla hawajaugua wanafanya vyema, ila wengi hapa Tanga hutoka maabara na namba moja tu. Kipimo cha HbA1c, yaani cha sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, huonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3, wala hakihitaji kufunga. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 ni hatari iliyokaribia.

Lakini kinategemea uhai wa chembe nyekundu, kwa kawaida siku 120 hivi. Mwenye selimundu, au aliyetoka kuugua malaria, chembe zake hufa mapema, hivyo namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kuipandisha. Pwani yetu ina yote matatu, na bado mgonjwa haulizwi!

Huyo apimwe sukari ya asubuhi, baada ya kukaa bila kula kwa saa 8 au zaidi. Maji ruksa, chai ya maziwa na kitumbua visubiri. Milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea ni kisukari, ila asiye na dalili arudie siku nyingine.

Hapo tena maabara huharibu. Damu ambayo chembe zake hazijatenganishwa na majimaji yake hupoteza sukari asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa kuwa chembe huendelea kuila. Sampuli inayosubiri gari kutoka Pangani iwekwe kwenye barafu mara moja, au itenganishwe kwa mashine ndani ya nusu saa.

Na karatasi za majibu zisifungiwe karanga. Ambaye HbA1c yake imetoka asilimia 5.3 hadi 5.6 kwa miaka mitatu bado anaitwa mzima, kumbe anapanda.

Mtaalamu wa maabara,
Chumbageni, Tanga