Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: darasa la Kiswahili la watoto limeendelea, sherehe ilifana, na misibani tulisimama na wafiwa. Sitazirudia.

Nije kwenye barua ya kamati kwa mbunge wetu, kupinga muswada wa kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani kwa sheria. Wapo walioniita dikteta. Tuliitisha mkutano; akidi ni watu 31, wakaja 17, na wawili wakaondoka kabla ya ajenda ya kwanza. Ningengoja nani? Kamati ikaridhia, nikaiandika mwenyewe, bila posho.

Mnauliza barua ya nini wakati Rais Trump alishakitangaza Kiingereza lugha rasmi kwa amri ya Machi 1, 2025. Amri ile ilifuta amri ya Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri. Haikuzikataza kutafsiri, iliziachia ziamue zenyewe. Rais ajaye akitaka, naye ataifuta. Sheria ya Bunge haing'oki kwa kalamu ya mtu mmoja. Na asiseme mtu haiwezi kupita: mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa aina hii kwa kura 259 dhidi ya 169, ukakwama Seneti.

Mwenzetu mmoja alidai sheria ya karatasi za kura za lugha nyingine inatulinda. Asome kifungu chake katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura: tangu 1975 kinawataja wenye Kihispania, Waasia na wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo. Sisi mara nyingi tunaishi kwa hiari ya idara, na hiari hiyo ndiyo muswada ungeibana. Wala sipingi Kiingereza. Darasa la Kiingereza la akina mama nililianzisha mimi, na wanaonilaumu hawajafundisha hata kipindi kimoja.

Ada: wanachama 92, waliolipa 34. Makusanyo dola 1,700, ukumbi 1,250, uchapaji na stempu 86 (ndizo dola zinazopigiwa kelele), salio 364.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuwa na wakalimani wa kujitolea hospitalini, na pengine ofisi. Anayetaka barua ifutwe aje mkutanoni apige kura. Ila amwone mhazini kwanza: katiba yetu hairuhusu mdaiwa kupiga kura.

Mwenyekiti