Mwanamke si mwoga wa biashara kwa asili

Ndugu Mhariri,

Kila inapojadiliwa mikopo ya serikali hapa Uganda, hasa ile shilingi 1,000,000 inayotolewa kupitia mpango wa maendeleo ya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), hurudiwa kauli kwamba mtaji wa mwanamke haukui kwa sababu yeye ni mwoga wa biashara kwa asili. Kauli hiyo imekwisha kupimwa na wachumi kwa majaribio, nayo haikusimama.

Mwaka 2009, Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha jaribio ambalo washiriki walirusha mpira wa tenisi kwenye ndoo mara 10, kila mmoja akichagua mapema ama alipwe kwa kila mpira unaoingia, ama ashindane na mtu asiyemjua na kulipwa mara tatu akimshinda. Kwa Wamasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana, na wanawake takriban robo tu. Kwa Wakhasi wa India, ambao urithi wao hufuata upande wa mama, wanawake ndio waliowapita wanaume kwa kuchagua ushindani. Asili gani hiyo inayogeuka mtu akivuka bahari?

Ushahidi wa hapa kwetu ni mzito zaidi. Mchumi Emma Riley aliwafuatilia wanawake wapatao 3,000 waliokopa kwa BRAC Uganda, taasisi ya mikopo midogo, ambao kwa bahati nasibu baadhi yao walipewa mkopo taslimu kama kawaida, na wengine wakatumiwa kwenye akaunti ya simu iliyotengwa kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi 8, waliotumiwa kwa simu walikuwa wamewazidi wenzao kwa asilimia 15 katika faida na asilimia 11 katika mtaji, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na jamaa zao wagawane fedha. Hakuna aliyefundishwa ujasiri. Kilichobadilishwa ni njia ya kupokea fedha. Aliyewahi kukaa katika chama cha akiba hatashangaa, kwani noti zikionekana nyumbani, karo, msiba na matairi ya bodaboda ya mume hudai kwa pamoja, na mara nyingi madai hayo ni ya haki kabisa. (Sisemi waume ni wezi.)

Kwa kuwa fedha za parishi tayari hutumwa kwa simu, ninawaomba maofisa wahakikishe kwamba laini inayopokea mkopo wa mwanamke imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na kwamba hashurutishwi kutoa fedha zote siku hiyo hiyo mbele ya kikundi. Wizara ya Fedha nayo ifikirie upya kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa wakati wa kutoa fedha kwenye simu, maana mchuuzi anayenunua mzigo kidogo kidogo huilipa kila anapokwenda kwa wakala.

Msomaji wako,
Mbale