Mumeo asitoe kadi

Salaam aleikum shosti, mzima? Watoto na baba yao hawajambo? Huku Tanga tupo, mvua tu ndo zimetushika, nguo hazikauki. Najua nimekaa kimya muda alafu naibuka na shida, utanisamehe bana, ila hili bora ulisikie kwangu kwanza.

Baba Nuru atampigia mumeo wiki hii. Atasalimia weee, ataulizia baridi, ataulizia kazi, alafu atamuomba amkodie gari hapo München kwa kadi yake. Mwambie akatae. Akatae kwa upole, asinitaje, aseme benki hawaruhusu au vyovyote atakavyoona, lakini kadi asitoe.

Maana ilivyo ni hivi. Viza zimetoka Alhamdulillah, mimi, yeye na mama, tunakuja kwenye mahafali ya Hemedi huko Padova, Italia (eti wanavishwa taji la majani kichwani, mama kashaanza kucheka kabla hajafika). Tunashukia kwenu, tukishapumzika twende Padova, tupite Firenze, alafu Roma ndo turudie nyumbani. Mimi nikasema treni. Yeye kasema gari, "gari ni uhuru", kafungua simu kaona bei ya siku, kazidisha, kalinganisha na tiketi za watu watatu, kaniangalia kama wakili aliyeshinda kesi. Nikamuuliza mafuta yapo? Kimya. Stika ya barabara ya Austria? Mlima wa Brenner je, pale mpakani na Italia, maana unalipa tena mbali na stika? Na Italia ukiingia barabara kubwa unachukua tikiti getini, ukitoka unalipia kilomita ulizotembea. Na kubwa kuliko yote, gari umechukua Ujerumani unataka kuiacha Roma, hiyo peke yake wanakutoza pesa mpaka unajuta kuzaliwa. Akasema basi tutairudisha München. Sasa ndege yetu inatoka Roma, tutarudi München kufanya nini?

Alafu shosti, dereva mwenyewe. Magari ya kukodi huko mengi ni ya gia, otomatiki inapanda bei, na Baba Nuru hajagusa klachi tangu tuuze ile Kirikuu. Sisi tunaendesha kushoto, nyie kulia. Kwaiyo gia mkono wa kulia, barabara upande wa kulia, mlima wa Brenner na malori yake, na mama yangu siti ya nyuma anavuta uradi kwa sauti. Leseni ya kimataifa kashachukua, anamuonyesha kila anayekuja nyumbani, hata fundi bomba.

Lakini hayo yote ningemeza. Kilichonikaba ni kadi. Kampuni zinataka kredit kadi yenye jina la dereva mwenyewe ili washike dipoziti, yeye ana hii ya kawaida ya benki, ndo akawaza mumeo. Mkataba utakuwa wa mumeo, yeye ataandikwa dereva wa pili. Sasa Hemedi kaniambia habari za ZTL, sijui kama mnazo huko, ni maeneo ya katikati ya mji ambayo gari ya mgeni hairuhusiwi, Firenze ipo, Bologna ipo, Roma ipo. Hakuna geti wala askari, kuna kibao na kamera tu, inapiga picha namba ya gari na wewe unapita zako unatabasamu. Faini inaanzia euro 80 na kitu, na ukiingia tena siku nyingine unahesabiwa upya. Kwanza kampuni ya gari inakata pesa yake kwenye kadi kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako tu, faini yenyewe inakuja kivyake kwa posta, na kwa anayekaa nje ya Italia sheria inawapa siku 360 kuituma. Yaani sisi tumesharudi Tanga, tumesahau, tunakula mihogo, mumeo anafungua sanduku la barua anakuta Kiitaliano. Utanidai vipi wewe? Na mimi ntakutazama usoni vipi? Tumetoka mbali toka boding, sitaki tuje kununiana sababu ya kamera ya Firenze.

Nikiwa mkweli ana hoja moja tu, magoti ya mama. Hapo hata mimi nimelala nikiwaza. SGR kaipanda mpaka Dodoma akafurahi, ila kule mlango uko sawa na jukwaa, anatembea tu anaingia. Hemedi kanitumia video ya treni moja huko kwenu, mlango mwembamba, ndani yake ngazi kama tatu zimesimama wima, mtu anapandisha begi kwanza alafu anajivuta kwa chuma. Mama hawezi. Ila Hemedi huyohuyo kasema Italia kuna huduma inaitwa Sala Blu, bure, unawaambia mapema wanakuja stesheni na kiti cha magurudumu na mashine ya kumnyanyua. Hilo nimemwambia Baba Nuru, kajibu "tutaona". Unaijua ile tutaona yake.

Nimejaribu hata suluhu, tukifika Firenze akodi gari siku chache, achukulie eapoti nje ya mji, tuzunguke vijijini Pienza na Montepulciano ambako bila gari ni tabu kweli, wapo wanaokubali kadi ya kawaida ukinunua na bima yao yote. Kwa kadi YAKE. Hapo kanuna.

Sasa niambie, treni ya München inayopita Innsbruck na Brenner, kuna inayofika Padova moja kwa moja siku za wiki au lazima tubadilishe Verona? Siti ya mama niikate sasa au bei inashuka baadae? Hapo stesheni kwenu lifti zinafanya kazi au ni pambo? Ujerumani nao wana huduma ya kumsaidia mzee kupanda, unaweza kuwapigia wewe kwa Kijerumani chako? Mumeo ataweza kusema hapana kweli, au atamuonea haya shemeji yake? Kama hawezi simu upokee wewe, sema yuko zamu. Na Mwajuma bado yupo Nürnberg? Kitenge changu kashakishona nini? Dagaa nikuletee wa kukaanga au wakavu?

Wako,
Mama Nuru