Chaza wa Tendaguru aitwe kwa jina lake

Ndugu Mhariri,

Niliisoma kwa furaha makala ya gazeti lako kuhusu mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mkoani Lindi, kwa kuwa mwandishi hakuishia kwenye mifupa, bali alieleza pia matabaka ya mawe yaliyoihifadhi. Hata hivyo, tabaka moja aliliita "tabaka la Trigonia smeei", na hapo naomba nafasi ya kusahihisha, kwa sababu jina hilo ni la chaza wa nchi nyingine.

Trigonia smeei ni jina ambalo James de Carle Sowerby aliwapa mwaka 1840 chaza waliogeuka mawe huko Kutch, magharibi mwa India. Wajerumani waliochimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walikuta magamba mazito ya pembetatu yaliyofanana mno na yale ya India, wakayaita kwa jina lilelile, na tabaka zima likalichukua. Siwalaumu hata kidogo. Katika enzi ya Jurasiki, takribani miaka milioni 150 iliyopita, India na Afrika Mashariki zilikuwa jirani, kwa hiyo chaza wa pande hizo mbili kushabihiana halikuwa jambo la ajabu.

Mwaka 1933 Wilhelm Otto Dietrich aliliundia kundi hilo jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, akaiita Indotrigonia, na baadaye wataalamu wakatambua kwamba chaza wa Tendaguru ni spishi tofauti na yule wa Kutch. Huyu wetu ndiye Indotrigonia africana. Jina smeei halikufutwa. Lilibaki kwa mwenyewe, kule India. Mwaka 2009 Robert Bussert, Wolf-Dieter Heinrich na Martin Aberhan walipoyafafanua upya matabaka ya Tendaguru, tabaka hili walilipa rasmi jina la chaza huyo wa Afrika.

Tabaka la juu kabisa, ambalo nalo liliitwa kwa jina la chaza, lina kisa tofauti. Trigonia schwarzi, aliyepewa jina na Müller mwaka 1900, amehamishiwa jenasi ya Rutitrigonia, lakini neno schwarzi limebaki lilivyo. Kanuni za majina ya wanyama zinataka katika hali kama hiyo jina la Müller liandikwe ndani ya mabano, na msomaji akiona mabano hayo anajua papo hapo kwamba spishi ilihamishwa jenasi.

Wapo watakaosema kwamba gamba la chaza si la kubishaniwa mbele ya mjusi mkubwa kiasi kile. Mimi naona vingine. Tabaka hilo la bahari limelala katikati ya matabaka mawili yenye mifupa ya mijusi, na ni viumbe wa bahari wanaotuonyesha kwamba maji yalipanda na kushuka mahali hapo, na wanaotusaidia kukadiria umri wa mifupa yenyewe. Mwanafunzi wa Lindi akitafuta smeei atapelekwa Kutch, ilhali anachokitafuta kiko mkoani kwake.

Ripoti na lebo za zamani za Kijerumani zisiguswe, kwani bila majina yaliyomo humo hatutajua kipande kipi kilitoka tabaka lipi. Ninachoomba ni kwamba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu Tendaguru, litangulize Indotrigonia africana, kisha liongeze kwamba zamani tabaka hilo liliitwa la Trigonia smeei.

Wako,
Mwalimu wa Jiografia, Lindi