Kwa mwanangu mpenda eropleni

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na orodha ya vifaa unavyoomba ili ufuatilie kwa redio, ukiwa nyumbani, ndege zinazopita angani nimeisoma mpaka chini. Nusu yake futa. Antena ya fahari ngoja kwanza. Unachokosa wewe ni mahali pa juu.

Ndege yenye mtambo wa ADS-B haingoji kuulizwa. Hujitangaza yenyewe kwa redio kwenye megahezi 1090: kimo chake, kasi, namba ya safari, na mahali ilipo takriban mara mbili kila sekunde. Mawimbi hayo huenda moja kwa moja, hayazunguki kilima wala jengo. Ndege iliyo futi 35,000 utaweza kuinasa ikiwa zaidi ya kilomita 300 mbali, mradi upeo uwe wazi. Inayoshuka kutua itakupotea karibu tu, nyuma ya majengo.

Kwa hiyo kata waya wa shaba, sentimita 7 hivi, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Uusimamishe wima katikati ya kipande cha bati na uupandishe juu ya paa. Waya huo ndio antena yako, nao utaishinda antena ya bei mbaya iliyobanwa dirishani. Kebo iwe fupi, maana kebo ndefu hula mawimbi.

Kipokezi ni kile kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta. Wapenda redio waligundua kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa mawimbi yakiwa ghafi, na tangu hapo ikawa redio ya kila kitu. Programu ya dump1090, aliyoianzisha Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, ndiyo itakayokusomea matangazo ya ndege. Kompyuta yako ndogo ya zamani, Raspberry Pi, inatosha.

Ila usije ukaiamini skrini kuliko macho. Inakuambia kile tu ndege inachosema kuhusu yenyewe. Za kivita mara nyingi hukaa kimya. Nyingine, hasa za zamani, hutoa kimo bila kutaja mahali. Hizo huonekana kwenye ramani pale vipokezi vinne au zaidi vinapolinganisha wakati ambao kila kimoja kiliusikia ujumbe uleule. Ndiyo maana watu huunganisha data zao, na nawe uunganishe. Tena GPS, ambayo ndiyo huiambia ndege mahali ilipo, ikivurugwa, ndege hutangaza mahali pasipo pake bila kujua.

Basi toka nje na darubini. Tazama ukingo wa nyuma wa injini: ukiwa na meno kama ya msumeno kwenye ndege kubwa ya injini mbili, mara nyingi ni Boeing 787. Madirisha ya marubani yakiwa na utepe mweusi kama miwani, fikiria Airbus A350. Mimi hilo hunipendeza kuliko ramani yoyote, lakini mimi ni mtu wa kale.

Na kamera usiielekeze kwenye uwanja wa jeshi. Mwaka 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 wenye uraibu huuhuu walikamatwa Ugiriki kwa tuhuma za upelelezi, wakahukumiwa mwaka uliofuata kabla ya rufaa kuwaachia huru. Uliza kwanza.

Daftari lako ligawe safu mbili: uliyoiona kwa macho, na skrini ilivyosema. Zisipolingana, niandikie upesi, tubishane.

Mzazi wako